Punje Moja ya Dawa

Redio ikianza kutangaza mfumuko wa bei, mimi huizima. Wajukuu hunicheka, wanasema babu anaogopa bei ya sukari. Siogopi sukari mimi. Ninachokiogopa ni ile sauti ya mtangazaji, ilivyojaa uhakika, kwa sababu najua hesabu ile hupikwaje. Zamani, Waingereza walipokuwa bado wanatutawala, jikoni kwake nilikuwamo, na upawa nilikuwa nimeushika mimi.

Nilikuwa karani katika boma la Mbulu, kijana wa Endagikot niliyesoma kwa wamisheni hadi darasa la nane, nina kalamu ya wino mfukoni na viatu vinavyolia nikitembea. Majivuno niliyokuwa nayo yangewatosha watu watatu. Basi akaja Mzungu mmoja kutoka Arusha, mrefu, mwenye mafua yasiyoisha, akasema serikali inataka kujua maisha ya kibarua yanagharimu kiasi gani ili mshahara wake upangwe kwa haki. Nikatolewa mimi nimsaidie, maana lugha ya nyumbani naijua, Kiingereza cha kujibu maswali ninacho, na miguu ya kupanda milima pia ninayo.

Mzungu yule alikuwa mwalimu mzuri, sitamnyima haki yake. Alimwaga punje mia za mahindi mezani. "Hizi ni senti mia," akasema, "shilingi moja ya kibarua. Sasa tutazame inakwenda wapi." Tukatenga mafungu: fungu la chakula, fungu la nguo, la sabuni na mafuta ya taa, la tumbaku, la dawa. Ukubwa wa fungu, akanieleza, ndio uzito wake katika hesabu. Unga ukiwa na punje hamsini, bei yake ikipanda kidogo tu, hesabu yote inapanda. Lakini kitu chenye punje moja, hata bei yake ikiongezeka mara mbili, hesabu haitikisiki. Kwa hiyo kwanza tuyajue mafungu kutoka majumbani mwa watu, halafu kila mwezi nipite madukani kuandika bei. Na mafungu yakishapangwa, akasema, yatakaa hivyo miaka mingi.

Nilielewa palepale, na kwa kuelewa huko nikajiona nimekwisha kuwa nusu Mzungu.

Nilipewa orodha ya nyumba thelathini za vibarua wa barabara, kuanzia Daudi mpaka njia ya Dongobesh. Kila nyumba niingie mara moja kwa juma, majuma manne, niketi, niulize walichonunua na nikione kwa macho yangu. Fomu yenyewe ilitungwa kwa ajili ya watu wa mjini. Ilikuwa na mstari wa samaki wabichi na mstari wa nyama ya kopo. Mwenye duka mmoja wa Mbulu, mzee Mwislamu ambaye baba yake alihamia kutoka Kondoa, aliisoma akacheka mpaka akashika mizani isianguke. "Karani," akasema, "ukimpata mtu wa huku anayekula nyama ya kopo na ng'ombe analala naye nyumba moja, niletee na mimi nimwone." Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa dawa. "Na huu mbona mmoja tu, tena uko chini kabisa? Mimi nanunua ngozi hapa miaka ishirini. Mtu anayekuja kuuza kwa haraka, asiyebishana bei, ana mgonjwa nyumbani."

"Zahanati ni bure, mzee wangu," nikamjibu.

Akaendelea kupima chumvi. Na kweli zahanati ilikuwa bure, siku ambazo dawa zilikuwapo. Zikiisha, watu walibeba wagonjwa wao mwendo wa kutwa hadi hospitali ya wamisheni, na huko walilipa.

Nyumba ya saba katika orodha ilikuwa ya dada yangu. Alinizidi miaka sita. Mgongo wake niliujua kabla sijajua kutembea. Aliolewa Daudi na kibarua wa barabara, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Nilipofika kwao mara ya kwanza nilikuwa na furaha ya kijinga ya kuonyesha nilichojifunza. Nikamwomba dada mahindi, nikamhesabia punje mia juu ya ungo, nikamgawia mafungu kama nilivyogawiwa, nikimweleza kwamba wakubwa watayatazama na kwamba mimi lazima nione kwa macho. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, ambaye hata kutambaa alikuwa bado, alikuwa kifuani pake anakohoa. Nilipofika fungu la dawa nikaweka punje moja. Dada akaingiza mkono kwenye ungo, akazoa punje kutoka fungu la nguo na la sabuni na nyingi kutoka la chakula, akazirundika pale.

"Mdogo wangu, andika hivi," akasema. "Mwezi huu tumekula mboga na maziwa ili tulipe sindano."

Nikamwambia tungoje majuma manne yaishe, ndipo tujue wastani. Neno hilo, wastani, nilikuwa nimelipata juzi tu na nililipenda sana.

Juma la pili mtoto akafa.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo kosa langu halieleweki. Nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya ilitengwa. Haikuwa chuki. Wazee waliamini kifo cha namna ile hubaki ndani ya wazazi, na kinaweza kuhamia kwa watu wengine kwa moto, kwa maji, kwa kibuyu kilichoguswa na mdomo. Kwa hiyo baba na mama hawapiti katikati ya mashamba ya watu, hawachoti maji juu ya wenzao, hawaketi penye pombe. Hakuna aingiaye kwao. Wanakaa hivyo mpaka mtoto mwingine azaliwe salama, ndipo wanasafishwa na kurudi kwa watu. Mimi nilikuwa Mkristo, nimebatizwa na cheti ninacho. Lakini mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, na mwoga haulizwi dini yake.

Mama yetu ndiye aliyenikataza. Alikuja nyumbani kwangu asubuhi, akasimama mlangoni hataki hata kuketi. "Usikanyage uani kwa dada yako," akasema. "Una kitu tumboni kwa mkeo." Alilia wakati anasema, kwa sababu aliyekuwa anatengwa ni mwanawe na aliyekuwa anaogopewa madhara ni mwanawe pia. Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Sikubishana hata neno moja. Moyoni niliona afadhali amri itoke kwake kuliko kutoka kwangu.

Siku ya zamu yake nilipita njia ya Daudi na mkoba wa fomu. Ukungu ulikuwa umekwisha kupanda, jua limetoka, na kila mtu aliyekuwa shambani aliweza kuniona. Dada alikuwa amesimama ndani ya ua wake, kichwa amekinyoa. Alikuwa ananingoja. Alijua siku yangu.

"Shikamoo, dada," nikamwita kutoka njiani.

"Marahaba," akaitika. "Sikuambii uingie. Baki hapohapo, mimi nitasema, wewe uandike."

Akaanza kusema. Sindano, ngapi, na bei ya kila moja. Kulala hospitali siku tatu. Kondoo mweusi aliyepewa mganga, na asali. Chakula cha mume wake njiani, na siku sita ambazo hakwenda kazini, hazikulipwa. Alisema kwa mpangilio kabisa, kama mtu aliyekuwa akijizoeza. Ilikuwa siku ya nne tu tangu mtoto azikwe, naye anahakikisha sipitwi na kitu. "Wewe ulisema wakubwa watatazama mafungu," akaniambia. "Basi yangu wayaone."

Sikufungua mkoba. Fomu ilisema karani aingie na aone kwa macho, kwa hiyo sheria ilikuwa upande wangu, na niliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Watu wa shamba la jirani walikuwa wameacha majembe wananitazama kama nitasogea. Nikasema, "Nimesikia, dada. Pole sana." Nikaondoka. Nyuma yangu alikuwa bado anataja bei ya asali.

Mzungu alikuwa ameniruhusu kubadilisha nyumba ikiwa wenyewe wamehama. Basi nikaandika wamehama, nikaenda nyumba ya pili kutoka pale, kwa kijana mmoja kibarua asiye na mke wala mtoto, mzima kama jiwe, aliyenunua chai, sukari na tumbaku. Katika zile nyumba thelathini kulikuwa na nyingine tatu zilizotengwa mwaka ule. Nazo nikazibadilisha. Nilitafuta watu wazima wenye afya, nikaketi kwao kwa raha, nikanywa maziwa yao. Yaani ugonjwa ulipoingia kwenye nyumba, mimi nilitoka na fomu yangu. Leo nikisema hivi naona aibu usoni, lakini wakati ule niliona nimekuwa hodari, nimemaliza kazi kabla ya siku.

Mzungu alipojumlisha, fungu la dawa halikufika hata punje mbili. Akapangusa pua, akarudia hesabu. "Nyumba thelathini," akasema, "na watu hawa hawaugui?"

Ule ulikuwa mlango, tena ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema: bwana, wanaougua sikuingia kwao.

"Milimani hewa ni safi, bwana," nikasema.

Akacheka, akaandika moja.

Mke wangu alijifungua salama, binti. Nikamwambia mama kwamba mwiko umefanya kazi yake. Haukupita mwaka mwingine, dada naye akajifungua binti. Wazee wakawasafisha, ua ukafunguliwa, pombe ikanywewa. Nilikwenda siku ya kwanza kabisa, nikamshika dada mikono yote miwili, na aibu niliyokuwa nayo nikaifunika kwa kelele za pongezi. Ndipo akaingia ndani akanitolea kibuyu kidogo, kimezibwa kwa gunzi.

"Nimekuwekea," akasema. "Kusoma sikujua, lakini ulinifundisha ungo. Kila senti kumi tuliyotoa tangu yule aanze kuugua mpaka huyu kuzaliwa, punje moja. Nyeupe ni chakula na mambo mengine. Nyekundu ni dawa. Huwezi kusema sasa hukuona kwa macho."

Nikamwambia nitawapelekea wakubwa. Nilimaanisha, Mungu anisamehe; nilipokuwa nashuka kile kilima nilimaanisha kabisa.

Mzungu alirudi mwezi uleule. Alikaa mezani kwangu akaniuliza kama kuna kitu cha kurekebisha kwenye mafungu kabla hayajachapwa. Kibuyu kilikuwa kwenye droo, goti langu linaigusa. Lakini nikimtolea, ataniuliza ni cha nyumba gani, atafungua orodha, ataona wamehama, nami nitaeleza nini? Tena alikuwa ametoka kuniambia kwamba nafasi ya karani wa bei Katesh inatafutiwa mtu mwaminifu. Alitumia neno hilo.

"Hakuna, bwana," nikasema.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa nzuri, bei ya unga ikashuka. Hospitali ikapandisha ada, maana hata wao dawa ziliwapandia; sindano ikawa karibu mara mbili. Vibarua wakaomba nyongeza. Siku ya kujibiwa walikuja bomani asubuhi, wakaketi kwenye majani chini ya mikaratusi, na barua ya jibu nikapewa mimi nisome kwa Kiswahili. Ilisema gharama za maisha zimepimwa kwa uangalifu, na hazikupanda. Zimeshuka kidogo. Kwa hiyo mshahara utabaki ulivyo.

Shemeji yangu, mume wa dada, akasimama. Mtu yule sikuwahi kumwona akisema mbele ya watu. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Karani," akasema. Hakusema shemeji. "Mimi nauliza tu. Unga umeshuka, kweli, hata sisi tunajua, si tunalima? Lakini sindano imepanda. Sasa sindano imo ndani ya hiyo hesabu, au haimo?"

"Imo," nikasema.

Na ilikuwamo kweli. Punje moja. Akaitika, akaketi, kwa sababu aliyesema ni ndugu wa mke wake na ndiye aliyekwenda shule. Wengine walipoona ameridhika nao wakatulia.

Katesh nilipata nyumba ya bati na baiskeli. Nilikuwa naandika bei za maduka pale na kwenda mpaka Getanuwas kwenye mnada, nikiwauliza wafugaji bei ya shuka na shanga. Mlima Hanang uko mbele yangu kila siku, nyumbani kuko nyuma ya milima, na mimi nikajizoeza kutazama mbele. Dada nilimtumia salamu kwa wenye lori. Fedha sikutuma, kwa sababu hakuomba, na mimi sikuuliza.

Akaja mwenyewe, siku mke wangu alipopata mtoto wa pili. Alipanda lori la ngozi, binti yake mgongoni, ana miaka kama mitatu. Tuliketi uani mchana, tunakula, watoto wawili wanacheza ndani, mlango uko wazi. Mara nikasikia kibuyu kinalia. Binti yake alikuwa amekivuta kutoka chini ya kitanda anakitikisa. Nilikuwa nimehama nacho kutoka Mbulu, kukitupa sikuweza. Binti yangu akaukimbilia mlio ule, akakinyang'anya, akakitikisa karibu kabisa na sikio la mwenzake. Mwenzake hakugeuka. Alikuwa anatazama mikono tu, anangoja arudishiwe. Kwenye purukushani ile mfuniko wa sufuria ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Kichanga kikaamka kikalia, binti yangu akaruka. Mtoto wa dada akabaki anatazama kibuyu.

"Masikio," dada akasema, kabla sijauliza. "Yalikuwa yanatoka usaha. Walisema sindano kumi. Tulilipia nne, tukarudi kutafuta fedha za zile sita. Tulikuwa tunangoja nyongeza ile. Mpaka tunauza mbuzi, wakasema mtoto hatasikia tena."

Kisha akainuka, akakichukua kibuyu kwa watoto, akakigeuza. Gunzi lilikuwa palepale alipolikaza kwa mkono wake.

"Hukukifungua," akasema.

Dada yangu alikuwa na haki ya kunitukana, na ningemshukuru angenitukana. Akakiweka mapajani pangu, taratibu, akainama kula chakula chake, akamsifia mke wangu mboga. Mpaka anakufa, miaka mingi baadaye, hatukulitaja tena jambo lile, na kila sikukuu alinitumia maziwa ya mgando.

Walipoondoka nilikifungua. Fukusi walikuwa wamekula nyingi, unga mwembamba ukatoka kwanza. Nilizimwaga kwenye ungo nikazitenga kama nilivyofundishwa. Sikuhitaji kuhesabu. Fungu jekundu lilikuwa kubwa kuliko lile jeupe.

Niliacha kazi ya bei muda mfupi baada ya hapo, nikasema macho yananisumbua. Mafungu yale yalikaa miaka, kama Mzungu alivyosema. Sijui yalibadilishwa lini wala na nani. Najua tu kwamba sikuandika barua, na stempu ilikuwa bei rahisi. Niliijua bei yake vizuri, maana ilikuwamo kwenye fomu.

Mpwa wangu yuko hai, ni bibi sasa, mkulima hodari kuliko wanangu wote. Akija Endagikot huja moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu, anainamisha kichwa, nami naweka mkono juu yake. Hiyo ndiyo shikamoo yake. Ninamjibu marahaba kwa sauti kubwa, mpaka wajukuu wanasema, babu, unampigia kelele bure. Ninajua ni bure. Nimemwitikia hivyo tangu akiwa mtoto, na hajawahi kuisikia hata moja.